Bomba Linaishia Kisumu

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, kituo cha mafuta ninachojazia hapa Kondele, Kisumu, hufurika kabla taarifa ya habari haijaisha. Bodaboda hupanga foleni hadi barabarani. Matatu za Ahero na Maseno huzima injini, na makanga huzisukuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye pampu ili zisichome hata kile kidogo kilichobaki. EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, hutangaza bei mpya jioni hiyo, nayo bei huanza kutumika usiku wa manane. Kama imepanda, anayejaza saa tano na anayejaza saa saba wametoka kituo kimoja, pampu moja, kwa bei mbili.

Usiku mmoja wa aina hiyo kijana aliyekuwa mbele yangu, amepakata helmeti yake kama sufuria, aligeuka akaniambia, "Mzee wangu, si mafuta yako hapo juu Turkana? Wangejenga mtambo wao huko Lodwar, leo tungekuwa tunanunua lita kwa shilingi mia." Walio nyuma wakaitikia. Nimelisikia wazo hilo Kitale, nimelisikia Nakuru, nimelisikia kanisani. Linastahili jibu la heshima, kwa sababu anayelisema ndiye anayelipa. Ila nadhani linatupeleka kutafuta unafuu mahali usipokuwepo, na huku mahali ambapo sisi wa magharibi tungeweza kubadilisha jambo, hatupaangalii.

Tuanze na mtambo wenyewe. Aliyekulia upande wetu amewahi kuona chang'aa ikipikwa: pipa juu ya moto, mvuke unapita kwenye mrija uliozamishwa ndani ya maji baridi, matone yanaanguka. Kusafisha mafuta ghafi ni kazi ya ukoo huohuo. Mafuta huchemshwa hadi nyuzi 350 hivi, kisha huingizwa chini ya mnara mrefu ambao upande wa chini una joto kali na upande wa juu ni baridi zaidi. Mvuke hupanda, na kila aina hurudi kuwa kimiminika katika ghorofa yake. Gesi ya kupikia hutoka kileleni. Petroli hushuka kwenye ghorofa za juu, mafuta taa na mafuta ya ndege katikati, dizeli chini yake. Mabaki yasiyokubali kupanda ni mafuta mazito ya tanuri za viwanda na ya meli, na mwisho kabisa lami.

Kwa hiyo pipa moja la lita 159 huja na mgao wake, na huwezi kuliamuru likupe petroli tupu. Ukitaka kuyageuza yale mazito kuwa petroli na dizeli, unahitaji mitambo mingine ya kuyavunjavunja, na hiyo ndiyo ghali. Kiwanda chetu cha Changamwe, Mombasa, kilichoanza kazi mwaka 1963, hakikuwa nayo. Kilipokea mafuta ghafi, mengi ya aina ya Murban kutoka Abu Dhabi, kikayachemsha, kikabaki na mafuta mazito mengi ambayo bei yake sokoni ni ya chini. Kampuni za kuuza mafuta zililalamika miaka na miaka kwamba kulazimishwa kupitishia mafuta pale kulikuwa kunawagharimu kuliko kuleta petroli iliyokwisha kusafishwa. Septemba 2013 tanuri likazimwa. Leo matangi yake ni ghala tu, chini ya Kampuni ya Bomba la Mafuta, KPC.

Miaka yake ya mwisho, Changamwe kilisafisha kama mapipa 35,000 tu kwa siku. Kiwanda cha Jamnagar, India, husafisha zaidi ya milioni 1.2. Biashara hii humpenda mkubwa, na ndiyo sababu petroli iliyochemshwa ng'ambo ya bahari ikapakiwa melini bado hutufikia kwa bei ya chini kuliko ile tuliyoichemsha wenyewe pwani.

Na ya Turkana? Hayo yana nta nyingi, huganda kama mafuta ya kupikia yaliyolala nje usiku wa baridi, na lazima yapashwe joto ndipo yatiririke. Kuanzia Juni 2018 serikali iliyasafirisha kwa majaribio. Malori yenye matangi ya kuhifadhi joto yalitoka Lokichar, yakapita Kitale, Eldoret na Nakuru hadi Mombasa. Agosti 2019 shehena ya kwanza ikapakiwa melini, ikatangazwa kuuzwa kwa dola milioni 12. Niliyaona malori hayo pale Nakuru, yanateremka kuelekea bahari huku yakipishana na malori mengine ya mafuta yanayopanda kuja kwetu. Wenzangu kwenye matatu walisema huo ni upumbavu wa serikali. Sikuuona hivyo. Anayechimba atauza kwa bei ya dunia, awe amechimba Lokichar au Abu Dhabi, na mtambo mdogo wa Lodwar ungenunua kwake kwa bei hiyohiyo, kisha uongeze gharama zake za udogo. Mtu wa Turkana ana haki ya kudai mgao wake wa mapato, barabara na maji, na nasimama naye. Lakini shilingi mia kwa lita haiko kwenye kisima chake.

Iko wapi basi? Sehemu moja iko kwenye mkataba. Tangu mwaka 2023 Kenya imekuwa ikiagiza mafuta kwa mpango wa serikali kwa serikali, kutoka Saudi Aramco na kampuni mbili za Falme za Kiarabu, ADNOC na ENOC, kwa mkopo wa siku 180. Awali kampuni zilishindana kwa zabuni na kulipa dola mapema. Mpango mpya uliletwa kwa sababu dola zilikuwa zimeadimika nchini. Lakini anayekopesha hutoza. Mbali na bei ya soko, muuzaji huongeza kiasi chake kwa kila tani, cha usafiri, bima, hatari na faida. Mkataba ulipoanza, kwa dizeli kilikuwa dola 118 kwa tani. Tani ya dizeli ni lita 1,180 hivi, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: senti kumi za dola kwa kila lita, kama shilingi 13 kwa kiwango cha dola cha sasa, kabla meli haijaonekana bandarini Kilindini. Baadaye kikashushwa hadi dola 88, kisha 78. Tofauti ya dola 40 kwa tani ni zaidi ya shilingi 4 kwa lita, na hakuna trekta la Kitale, lori la miwa la Chemelil wala basi la Busia ambalo halikuigusa. Mjadala wa kiasi hicho hufanyika ndani ya chumba kimoja Nairobi, na karatasi zake tungepaswa kuzisoma jinsi tunavyosoma bei za tarehe 14.

Sehemu kubwa zaidi ni kodi, na hapo sina haja ya kukaa. Ushuru wa bidhaa ni kama shilingi 22 kwa lita ya petroli. Tozo ya kukarabati barabara iliongezwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Ukijumlisha na tozo ndogondogo, zaidi ya theluthi ya unachompa mhudumu wa pampu ni ya serikali. Mbunge wako anajua, na alipiga kura.

Sasa tazama orodha ya EPRA kwa makini, ile yenye majina ya miji. Watu wengi hapa wanaamini tunalipa zaidi kwa sababu tuko mbali na bahari. Orodha inakataa. Bei ya Kisumu na ya Eldoret mara nyingi hupishana na ya Nairobi kwa senti tu, na ya Nakuru huwa chini kidogo ya ya Nairobi. Kilomita zaidi ya 300 za ziada karibu hazionekani. Sababu ni bomba.

Bomba la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Mwaka 1994 likaendelezwa hadi magharibi. Kutoka Nakuru mafuta husukumwa kupanda hadi Sinendet, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hapo njia hugawanyika: mkono mmoja huenda Eldoret, mwingine huteremka kuja Kisumu, ambako uzito wa mafuta yenyewe husaidia kazi. Mkono huu wa Kisumu, kilomita kama 120, uliongezewa bomba la pili, pana zaidi, mwaka 2016.

Jambo linalonivutia kila ninapolifikiria ni kwamba petroli, dizeli na mafuta taa husafiri ndani ya bomba hilohilo, moja nyuma ya jingine, bila ukuta kati yao. Shehena ya dizeli inapoifuata ya petroli, kwenye mpaka wao hutokea mchanganyiko. Kwenye bohari kuna mtu anayetazama kipimo cha uzito. Petroli ni nyepesi, dizeli ni nzito, na namba inapoanza kupanda anajua mpaka umefika. Hugeuza vali, mchanganyiko ukaingia kwenye tangi lake la pembeni, na dizeli safi inapofika hugeuza tena. Akichelewa, petroli ya watu inaharibika. Kazi hiyo hufanyika usiku na mchana, pale nje kidogo ya mji tunamopita na vikapu vya omena, wala hatusikii kelele. Hakuna usafiri wa mafuta wa nchi kavu ulio rahisi na salama kuliko huo.

Na unaishia hapo. Kutoka lango la bohari la Kisumu na la Eldoret, kila lita ya Siaya, Homa Bay, Migori, Kakamega, Bungoma na Busia hupanda lori, pamoja na sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki. Lori moja hubeba kama lita 35,000 kwenye barabara yenye njia mbili, katikati ya masoko, shule na mikokoteni.

Tunajua gharama yake. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na ndoo na mitungi, na moto ukawaka. Zaidi ya mia moja walikufa, na wengi hawakutambulika hata kuzikwa na jamaa zao, wakawekwa kaburi la pamoja. Julai 2021, Malanga kule Gem, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, ikawa vilevile kwa idadi ndogo zaidi. Kila mara tunasikia hotuba ileile kwamba wananchi waache tamaa. Mimi nimepita Malanga. Nimeona nyumba zilizo kando ya ile barabara. Mama ambaye lita tano za petroli ni mshahara wake wa siku mbili hakimbilii bomu, anakimbilia karo. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyeamua kwamba mafuta ya nchi nne yapite mbele ya mlango wake kwa magurudumu.

Kwa sababu njia nyingine zipo. Bomba la Eldoret hadi Kampala limezungumzwa tangu miaka ya 1990. Mwaka 2007 kazi ilipewa kampuni ya Libya, Tamoil, na haikuchimba hata kilomita moja kabla serikali ya Gaddafi kuanguka. Foleni ya malori mpakani Malaba imebaki kuwa ndiyo mradi. Kisha kuna gati la mafuta hapa Kisumu, lililojengwa na KPC na kukamilika mwaka 2018 ili meli zibebe mafuta moja kwa moja hadi upande wa Entebbe. Lilikaa miaka kadhaa bila meli, kwa sababu upande wa pili wa ziwa haukuwa tayari. Tulikuwa tunaenda kulitazama Jumapili, chuma kimepakwa rangi mpya, ndege wametua juu yake. Meli zilipoanza hatimaye, habari ilikuwa ya siku moja kisha ikasahauliwa. Chombo kimoja cha ziwani hubeba mamilioni ya lita. Hesabu mwenyewe ni malori mangapi hayapiti Yala, Ugunja na Bumala kwa safari hiyo moja.

Kuna wenzangu wa Dunga wanaopinga, na hoja yao ni nzito kuliko hoja nyingi ninazosikia bungeni. Maji tunayokunywa Kisumu hutoka kwenye ziwa hilohilo. Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi, mlango wake ni mwembamba, na mafuta yakimwagika hayatakwenda popote. Yatakaa nasi, juu ya omena na ngege, na gugumaji litayashika. Nakubali kila neno. Nasema tu kwamba sharti lao, yaani meli za ngozi mbili za chuma, vizuizi vya kuzingira mafuta vikiwa tayari gatini, na wavuvi wakiwa na kiti mezani, lina gharama inayoweza kuandikwa kwenye karatasi na kulipwa. Barabara haijawahi kuandikiwa gharama yake, kwa sababu wanaoilipa ni maiti.

Lori pia ndilo mlango wa wizi, na hili nalisema nikiwa nimeumia mwenyewe. Mafuta ya kwenda nje hayatozwi kodi yetu. Lori la lita 35,000 likiandikwa la Uganda kisha likamwagwa usiku kwenye kituo cha huku ndani, kodi iliyokwepwa, zaidi ya shilingi 70 kwa lita, inapita milioni mbili. Ndiyo sababu mafuta hayo hutiwa kemikali ya alama na malori hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo. Halafu kuna kuchanganya. Mwaka 2018 mafuta taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili yasiwe nafuu kiasi cha kumshawishi mchanganyaji, na mama wa Nyalenda akarudi kwenye makaa. Hata hivyo kwa miezi mingi ya 2025 mafuta taa yalikuwa chini ya petroli kwa zaidi ya shilingi 20. Tamaa ilibaki palepale, jiko ndilo lililozimika.

Mwaka juzi nilijaza pikipiki ya mdogo wangu katika kituo kimoja kidogo njiani tukitoka Luanda. Tulifika kilomita nane. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima kwenye mteremko. Fundi wa kando ya barabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alifungua plagi akaishika kwenye mwanga: nyeusi, imelowa, ina utelezi. Akachovya kidole kwenye tangi, akakisugua kwenye kidole gumba, akasubiri. Petroli hukauka mara moja na kuacha ngozi kavu, nyeupe. Kidole chake kilibaki kinang'aa. "Hii ni taa, omwami," akasema, wala hakushangaa. Alitumwagia tangi lote, akasafisha kabureta, akatuuzia lita mbili kutoka kwenye chupa za soda alizozipanga juu ya kibanda. Bei yake ilizidi ya pampu kwa shilingi 30. Tulilipa bila kuuliza.

Nimezifikiria chupa zile sana. Petroli iliyosafiri ndani ya chuma kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa shilingi chache, yenye mtu wa kutazama mpaka wake na kugeuza vali, inamaliza kilomita 30 za mwisho ndani ya lori lisilojulikana limepita wapi, kisha ndani ya chupa ya plastiki juani, hatua mbili kutoka kwa jiko la muuza mahindi. Kwa wanaonunua huko, bei ya EPRA ni habari ya redioni. Kituo halali kilicho karibu kiko mbali, na kukijenga kunahitaji mtaji na vibali ambavyo mfanyabiashara wa Bumala au Ukwala hana mahali pa kuvipatia. Kaunti zetu zinatoza ada za vituo, na ningetamani kusikia gavana mmoja tu akieleza ana mpango gani wa vituo vidogo vya vijijini, vilivyopimwa na kukaguliwa, katika kaunti yake.

Mwaka 2025 Bunge liliidhinisha kuuzwa kwa asilimia 65 ya hisa za KPC. Nimesikiliza mjadala wake mwingi, na karibu wote ulihusu bei ya hisa. Nilikuwa nasubiri mbunge wa upande wetu aulize mwenye bomba mpya atawajibika vipi kwa gati la Kisumu, kwa meli ngapi kwa mwezi, na kwa njia ya Kampala ambayo imekuwa ahadi tangu nikiwa shule ya msingi. Swali hilo bado linaweza kuulizwa. Wanahisa watakuwa na mikutano yao, na kaunti za ziwa zinaweza kwenda pamoja zikiwa na takwimu za ajali na za malori ya kila siku.

Yule kijana wa foleni alijaza ya shilingi 300, tone la mwisho likaingia saa sita kasoro dakika nne. Nilimwambia kidogo kuhusu Changamwe na nta ya Lokichar. Alinisikiliza, akafunga kifuniko cha tangi, akauliza mafuta haya tuliyojaza yalikuja na lori gani. Nilimwonyesha kwa mkono upande wa bohari, nikamwambia hadi pale hayakuja na lori. Aliangalia giza la upande ule, kisha akapiga teke kiki na kuondoka kuelekea Mamboleo.